Mtoto wa Zamu

Drammen, 4 Septemba 2016

Kwa Bwana Gjermund Lauvhaug,

Salamu kutoka kwa mtu usiyemjua. Tafadhali usiitupe barua hii motoni ukidhani nauza kitu. Siuzi kitu. Naitwa Unni Lauvhaug, nina miaka hamsini na sita, kazi yangu ni kupima macho katika duka la miwani hapa mjini, na mpaka mwaka huu sikuwahi kujiuliza jina langu limetoka wapi. Wateja ndio walioniuliza: "Lauvhaug? Hilo ni jina la wapi?" Nami nikawajibu, "La baba yangu," mazungumzo yakaishia hapo.

Majira ya kuchipua yaliyopita nilimhamishia Baba kwenye nyumba ya wazee. Nilipokuwa naondoa vitu vyake sikuona picha hata moja ya mtu aliyeishi kabla ya harusi yake. Ukutani, kabatini, kote hakuna. Ni kana kwamba alizaliwa akiwa amevaa suti. Hapo ndipo nikaanza kutafuta. Nimegundua kwamba baba yake, Elling, alikuwa shambani kwenu Lauvhaug katika sensa ya mwaka 1910, akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Mwenye shamba ameandikwa Sjur. Mbele ya jina la Elling kuna neno, lakini wino umefutika na sikuweza kulisoma. Kitabu cha ubatizo cha miaka hiyo, naambiwa, kiliungua pamoja na kanisa.

Ofisi ya kanisa lenu imenieleza kwamba Lauvhaug bado yuko mtu mmoja, kwamba hana kompyuta, ila barua anasoma. Je, Elling unamjua alikuwa nani? Alikuwa ndugu yake Sjur?

Samahani kwa maswali. Sina mume wala mtoto, na kwa baba yangu nilizaliwa peke yangu. Yeye akiondoka nitabaki na jina tu kwenye kengele ya mlango.

Wako,
Unni Lauvhaug


Lauvhaug, 20 Septemba

Kwa Unni Lauvhaug,

Barua imefika. Borghild wa posta aliileta mpaka jikoni badala ya kuiacha kwenye sanduku la barabarani, maana alitaka kuuona uso wangu nikiifungua. "Mwandiko wa mwanamke huu," akasema. "Nikuache peke yako?" Nikamwambia aende zake na bili zake.

Sjur alikuwa babu yangu, baba wa baba yangu Tarjei. Elling jina lake nalijua. Alikuwa hapa, akaondoka angali kijana, miaka mingi kabla sijazaliwa. Alikwenda mjini kama walivyokwenda wengi.

Maandishi ya sensa hata mimi yangenishinda. Macho yangu si ya kusifiwa, ingawa hilo labda ni jambo la kumwambia mtu wa duka la miwani.

Uliza unachotaka. Nafasi ninayo. Kondoo niliwauza vuli ya mwaka jana, na nyumba hii ina vyumba vingi kuliko watu wa kuviwashia moto. Ninaishi jikoni na katika chumba kinachopakana na jiko.

Gjermund Lauvhaug


Drammen, 2 Oktoba

Mpendwa Gjermund,

Barua yako nimeisoma kazini, nikaisoma tena ndani ya treni, na watu wakanitazama kwa jinsi nilivyokuwa nacheka peke yangu. Kumbe ni kweli! Elling na Sjur, kaka na mdogo wake. Mkubwa akarithi shamba, mdogo akaenda kutafuta maisha. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu: baba yangu na baba yako walikuwa watoto wa ndugu wawili, kwa hiyo wewe na mimi ni wa kizazi kimoja, lakini kwa umri wako naona aibu kukuita binamu. Niruhusu nikuite Baba Mdogo. Sijawahi kuwa naye.

Nimemwambia Baba. Siku hizi mara ananijua, mara ananiita kwa jina la mama. Siku hiyo alinijua. Nikamwambia, "Baba, nimempata mtu wa Lauvhaug." Akaniuliza, "Wamesharudi kutoka kukata nyasi?"

"Nani, Baba?"

"Wenyewe."

Hakuwahi kuishi huko, nijuavyo mimi. Nadhani anasema aliyoyasikia kwa baba yake.

Kuna jambo jingine nataka nikuulize, pengine ni mila ya huko kwenu. Baba hali mpaka watu wote mezani wamalize. Anakaa, mikono juu ya mapaja, anatazama sahani za wenzake. Muuguzi akimsogezea chakula anasema, "Bado. Bado wanakula." Mzee mmoja pale mezani anamtania kila siku: "Arvid, unamngoja mfalme? Mfalme keshakula kwake!" Wauguzi wanadhani ni ugonjwa. Lakini nyumbani pia alikuwa hivyo, maisha yake yote. Mimi na mama tulidhani ni adabu tu.

Niambie kuhusu nyumba. Elling alilala chumba kipi?

Wako,
Unni


Lauvhaug, 25 Oktoba

Unni,

Niite upendavyo. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo na sikio langu bado linajifunza.

Nyumba ni ya magogo, ya ghorofa moja juu, imepakwa rangi nyeupe upande unaoonekana barabarani na imeachwa bila rangi upande wa mlimani. Baba yangu alisema mlima haujali. Nani alilala wapi enzi hizo siwezi kukuambia sawasawa, vyumba vimebadilishwa.

Kuhusu baba yako na chakula: mwambie muuguzi asimsukume. Amwekee sahani yake mwisho, wengine wakishamaliza, ila iwe bado ya moto.

Theluji ya kwanza imeshuka mpaka kwenye ghala la nyasi. Borghild amebadilisha magurudumu ya gari na ananiuliza kila akipita kama yule mchumba wa Drammen ameandika. Nimemwambia ni mtoto wa ukoo. Akasema, "Wewe una ukoo? Tangu lini?"

Ukipata muda wa kuandika, andika. Hata kama huna swali.

Gjermund


Drammen, 8 Januari 2017

Baba Mdogo,

Baba amefariki, kati ya Krismasi na mwaka mpya. Nilikuwa nimetoka kununua soksi za kumpelekea. Muuguzi alisema alikuwa amekula vizuri mchana. Tangu nilipowaeleza ulichosema walikuwa wanamwekea sahani mwisho, na alimaliza kila kitu. Nakushukuru kwa hilo.

Kanisani tulikuwa mimi, muuguzi, na majirani wawili wa zamani. Mchungaji alisoma jina lake la ukoo vibaya. Nilitaka kumsahihisha, nikamwacha amalize.

Amechomwa, kama alivyotaka mwenyewe. Majivu yako kwenye chombo, kwenye rafu, katika ofisi ya makaburi, na sheria inanipa mpaka Juni kuyazika. Wameniuliza ninataka kaburi gani hapa Drammen. Nikapita kuona. Ni pazuri, pamepandwa nyasi, lakini kila jina pale ni la mtu nisiyemjua. Nikatoka.

Nakuomba jambo kubwa. Je, kaburi la ukoo lililoko kanisani kwenu lina nafasi? Wewe ndiye mwenye kuliamulia, nimeambiwa. Ningependa Baba alale na watu wake.

Ndani ya bahasha utakuta kijisanduku chenye mrija. Nilikinunua kabla ya Krismasi, kimoja changu na kimoja chako, ili iwe zawadi. Unatema mate ndani, unafunga, unanirudishia, mimi napeleka. Wanaweza kuonyesha damu ya watu wawili inakutana wapi. Najua hatuhitaji. Ila nataka niione kwa macho yangu imeandikwa kwamba nina mtu.

Unni


Lauvhaug, 17 Januari

Unni, mwanangu,

Pole. Niliwasha mshumaa dirishani, kama tunavyofanya hapa, ingawa upande huo hakuna nyumba ya kuuona.

Kaburi lina nafasi. Nimezungumza na Oddvar anayetunza makaburi. Ardhi sasa ni jiwe, haichimbiki mpaka Mei, lakini ameandika jina. Mlete baba yako.

Kuhusu mrija, mdomo wangu umekuwa mkavu majira haya. Ni stovu ya kuni. Tutaona.

Gjermund


Drammen, 12 Februari

Baba Mdogo,

Mdomo mkavu! Kwenye barua yako ya Oktoba uliniandikia jinsi unavyobishana na Borghild kila akipita. Kondoo wako hata mmoja angeshaujaza mrija huo na kutafuta mwingine. Kunywa maji, tema, funga. Hata mtoto mdogo anaweza.

Nakutania, lakini sikutanii. Nikirudi nyumbani kutoka kazini, ghorofa nzima ninasikia mashine ya kufulia ya jirani tu. Zamani nilikuwa naenda kwa Baba kila jioni, hata asiponijua. Sasa natoka dukani, miguu inaelekea huko yenyewe, nafika kwenye kituo cha basi ndipo nakumbuka. Nipe kitu cha kungojea.

Unni


Lauvhaug, 20 Machi

Nimetema. Kimo ndani ya bahasha. Borghild alisimama mlangoni akanitazama akasema hajaona mwanaume akitema kwa huzuni namna hiyo.

G.


Lauvhaug, 2 Mei

Unni,

Barua hii nimeianza mara kadhaa, kila mara nikaona ni afadhali nipasue kuni. Sasa kuni zimekwisha.

Ardhi imelegea. Oddvar alikuja jana kuniuliza kama afungue kaburi, na neno gani tuandike kwenye jiwe chini ya jina la baba yako. "Nani wa nani?" akaniuliza. Nikamwambia angoje. Na ile mashine yenu itasema muda wowote. Bora usikie kwangu.

Sisi si ndugu, Unni. Sjur hakuwa na ndugu wa kiume. Uliandika kwamba walikuwa kaka na mdogo wake, nami sikusema ndiyo, ila sikusema hapana. Nilijiambia nitakueleza barua ijayo. Halafu ukaniita Baba Mdogo.

Elling alikuwa mtoto wa zamu. Huko mjini labda hamlijui neno hili. Zamani hapa bondeni, mtoto asiye na mtu hakupewa nyumba, alipokezanwa. Shamba hili lilimlisha majuma kadhaa, kisha akapelekwa kwa miguu shamba la pili, na la tatu, mpaka zamu izunguke. Bila shaka hilo ndilo neno lililofutika kwenye sensa yako. Mama yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe aliyeitwa Guri, alifia bonde la pili Elling akiwa mdogo. Zamu yake ya Lauvhaug ilipokwisha, Sjur hakumpeleka shamba lililofuata. Alimweka. Watu walisema Sjur ana moyo.

Uliniuliza alilala chumba gani. Alilala kwenye dari juu ya farasi, majira yote. Na chakula alikula mwisho, peke yake, wenye nyumba wakishainuka mezani. Nilipoisoma barua yako kuhusu baba yako na sahani, niliiweka chini nikatoka nje. Nilijua mara moja. Elling hakuweza kula watu wakiwa bado mezani, na akamfundisha mwanawe hivyo hivyo, pengine bila kumwambia sababu.

Jina la Lauvhaug hakupewa na mtu. Alilichukua mwenyewe alipofika mjini. Wengi walifanya hivyo, walichukua jina la shamba walilotoka, hata kama walikuwa watumishi tu.

Nilimwona Elling mara moja tu maishani. Ilikuwa siku ya kumzika Sjur. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mwanaume mwenye koti la mjini alisimama nje ya ukuta wa kanisa, kofia mkononi, hakuingia. Baba yangu alimwona. Akaniambia, "Mpelekee yule kahawa." Nikasema, "Si aingie ndani?" Baba akasema, "Mpelekee huko huko." Alikunywa amesimama, akanirudishia kikombe, akasema, "Ahsante, kijana. Umefanana naye." Sikuuliza na nani.

Nafasi ya kaburi nimekupa na bado ni yako. Lakini ulitaka baba yako alale na watu wake, na hao si watu wake. Sikunyamaza kwa ubaya. Nilinyamaza kwa sababu barua zilikuwa zinakuja.

Gjermund Lauvhaug


Drammen, 3 Mei

Baba Mdogo!!

Majibu yametoka! Nimekaa mbele ya kompyuta nalia kama mjinga. Jina lako na langu, mstari mmoja kati yetu, na wameandika kabisa: ndugu wa damu, bila shaka yoyote. Ukaribu wenyewe ni ule ule niliouhesabu kwa kalamu. Nilimwita jirani wa mashine ya kufulia, mtu ambaye sijawahi kuzungumza naye, nikamwonyesha. Nikamwambia, "Huyu ni baba yangu mdogo." Akasema, "Hongera," kana kwamba nimejifungua. Kisha akanikaribisha kahawa.

Nimeomba likizo mwezi Juni. Nitamleta Baba mwenyewe. Mwambie Oddvar aandike kwenye jiwe vile unavyoona wewe inafaa.

Leo sina la kuuliza. Ninaandika tu.

Unni wako


Lauvhaug, 9 Mei

Unni,

Barua zetu zimepishana njiani. Wewe sasa unayo yangu, mimi ninayo yako, na kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwehu.

Kwanza nilidhani mashine imekosea. Nikamuuliza Borghild, yeye mwanawe alipima. "Hazikosei hivyo, Gjermund," akasema. "Zinaumbua watu tu." Nikamwomba aketi. Hajawahi kuketi jikoni kwangu.

Kama damu yetu ni moja na Sjur hakuwa na ndugu wa kiume, imebaki njia moja. Guri, mama yake Elling, alikuwa akikamua ng'ombe hapa hapa Lauvhaug kabla ya Sjur kuoa. Hilo nimelijua tangu utotoni. Sikuwahi kuliweka karibu na lile jingine. Jingine lenyewe ni hili: alifukuzwa kazi vuli, na Elling akazaliwa majira ya kuchipua.

Kwa hiyo Elling alikuwa mtoto wa Sjur, wa kwanza. Mkubwa kuliko baba yangu. Sjur alimweka kwa sababu alikuwa wake, na alimlaza juu ya farasi kwa sababu hakutaka ijulikane. Na yote mawili aliyafanya kwa miaka ile yote, akimpita kila asubuhi.

Neno lile la nje ya ukuta sasa nalielewa. Mimi nina sura ya Sjur. Nimekwenda kujitazama kwenye kioo cha kunyolea na nikageuka.

Baba yako alikuwa mjukuu wa nyumba hii sawasawa na mimi, na kwa umri amenitangulia. Ulivyoniita, kumbe ndivyo nilivyo. Lakini sijui kama bado utataka kuniita hivyo.

Gjermund


Lauvhaug, 28 Mei

Unni,

Borghild anasema posta haijapoteza kitu. Anasema hivyo kabla sijamuuliza.

Mti wa cheri mwitu umechanua upande wa barabara. Oddvar anangoja neno.

Gjermund


Drammen, 5 Juni

Gjermund,

Nilizisoma barua zako za Mei nikaziweka kwenye droo ya visu, mahali ambapo sifungui ila nikihitaji. Kila nilipofungua nilizikuta.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Ulinyamaza tangu Oktoba ukijua kwamba si kweli, nikakuita Baba Mdogo ukaitika. Kisha ikatokea kuwa kweli, na kweli yenyewe ni mbaya kuliko uongo. Nilikuwa natafuta ukoo. Nimeupata: ni ukoo uliomlaza mtoto wake zizini. Baba alikaa mezani kwa miaka themanini na minane akingoja watu wasiokuwepo wamalize kula.

Jirani ananiuliza, "Baba yako mdogo hajambo?" Nasema hajambo. Siwezi kumweleza ngazini.

Simziki Baba pamoja na Sjur. Hilo nimeamua. Muda wangu unakwisha mwisho wa mwezi, na sina mahali pengine. Wakiona sijasema kitu watamweka wanapotaka wao.

Jibu swali moja tu, na usinifiche. Elling alijua?

Unni


Lauvhaug, 9 Juni

Unni,

Alijua. Hakuniambia, lakini nimelifikiria sana. Mtu hapandi treni na kutembea bonde zima kuja kumzika aliyemlaza juu ya farasi, asipokuwa baba yake. Na jina alilolichukua, alilichukua kwa sababu lilikuwa lake. Hakuingia ndani ya ukuta kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Baba yangu naye alijua, nadhani. Ndiyo maana kahawa ilikwenda nje, lakini ilikwenda.

Kuhusu kaburi umesema sawa. Jana nilishuka kanisani. Oddvar alikuwa anakata nyasi. Nikamwambia lile kaburi la ukoo lifungwe, asichimbe tena. Akazima mashine.

"Na wewe utalala wapi?"

"Kule chini."

Kule chini, ndani ya ukuta lakini karibu na mto, ndiko walikozikwa watoto wa zamu na watumishi na watu wa kupita. Guri hayuko hapo, yeye walimzika bonde la pili, lakini wenzake wapo. Hakuna mawe, nyasi tu.

Oddvar akasema, "Gjermund, kule hakuna mtu mwenye shamba aliyewahi kulala. Hata jiwe hakuna."

"Ndiyo maana pana nafasi."

"Watu watasema umechanganyikiwa."

"Watu gani? Tumebaki wangapi?"

Akacheka, halafu akavua kofia akajikuna. Akasema inaruhusiwa, mradi mchungaji akubali. Nikapanda kwa mchungaji. Ni kijana, anatoka pwani, hajui nani ni nani hapa, na hilo limesaidia. Amekubali.

Nimeomba nafasi mbili, moja ya Arvid na moja yangu. Jiwe litakuwa moja, majina yote mawili, na jina la Elling juu yao, ingawa mwenyewe hayupo. Yeye atakuwa ndani ya ukuta safari hii. Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ungesema nisijitaabishe. Kama hutaki, sema, nitabaki kule chini peke yangu, hakuna ubaya.

Njoo au usije. Nitakuwepo.

Gjermund


Drammen, 13 Juni

Baba Mdogo,

Nimeandika neno hilo juu nikakaa kulitazama. Nimeliacha.

Leo nimekwenda ofisini kwao nikamchukua Baba. Chombo ni kizito kuliko nilivyodhani. Yule karani aliniuliza ninampeleka wapi, nikamwambia Lauvhaug, akauliza kama ni mbali. Nikasema ndiyo, ni mbali sana.

Nakuja Ijumaa. Treni mpaka mwisho wa reli, halafu basi. Usije barabarani kunipokea kama mvua inanyesha. Ninaweza kupanda mwenyewe, nina viatu vizuri. Ukiniona usiseme chochote kuhusu sura, si yangu wala yako. Nipe siku moja ya kuizoea. Bado nina hasira, na huenda zikanitoka mezani kwako, uwe tayari. Ila nataka kuiona ile dari juu ya zizi, kama bado ipo, na nataka kuiona pamoja na wewe, si peke yangu.

Kuhusu kule chini karibu na mto nimefikiri tangu barua yako ifike. Nafasi mbili hazitoshi. Mwambie Oddvar aandike tatu. Sina haraka, lakini sina pengine pa kwenda.

Unni